Kamera Inajua Adui Alipo

Kabla sijaviona vita kwa macho, nilikuwa nimeviona sana kwenye sinema. Vijana wa Dar es Salaam wa miaka ya sabini tulizijua zamu za Empress na Avalon kuliko tulivyozijua saa za mabasi ya UDA. Tuliangalia The Guns of Navarone. Tuliangalia Where Eagles Dare, Clint Eastwood kashika bunduki mbili, moja kila mkono, na Wajerumani wanapukutika mbele yake bila yeye kulenga. Kila picha ilikuwa na stelingi wake, na hata mtoto wa darasa la pili aliijua sheria: stelingi hafi.

Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa tarehe 2 Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yakiwa yameshaingia Kagera, vijana wengi tulijitokeza. Tuliingia mafunzoni na sinema zetu kichwani. Siku ya shabaha kuruta mmoja alisimama wima, akashika SMG kiunoni, akaiachia yote kwa mkupuo. Sajini hakumpiga wala hakumtukana. Alimwambia achomoe magazini aonyeshe wenzake kilichobaki.

"Hamna kitu, afande."

"Ilikuwa na risasi thelathini. Umezimaliza kabla hujaita mama. Sasa adui ndiyo kwanza anainuka. Utamrushia nini?"

Silaha ile hupiga kiasi cha risasi 600 kwa dakika. Kwa mkupuo, magazini nzima huisha kwa sekunde tatu. Hadi leo nikiangalia picha ya vita huwa nahesabu kimoyomoyo, na stelingi huwa anaendelea kupiga muda mrefu baada ya magazini yake kukauka. Lakini hilo ni dogo, nalisamehe. Lipo kubwa zaidi, ambalo nililielewa Lukaya.

Kwanza lazima niseme habari ya kutembea, kwa kuwa vita vyetu vilikuwa vya miguu. Kutoka Mutukula, mpakani, hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200, na askari wengi wa miguu waliimaliza njia hiyo kwa buti zao, begi mgongoni, silaha begani, risasi kiunoni, na wengine wamebebeshwa makombora ya mota juu ya hayo. Kabla ya Mutukula tulipita vijiji vya Kagera ambavyo havikuwa na mtu, milango imeng'olewa, ng'ombe wameswagwa kupelekwa Uganda, migomba imesimama na ndizi zimeivia mgombani hakuna wa kuzikata. Palikuwa na harufu ambayo sitaieleza. Halafu mvua. Unalala handakini maji yamekufika mbavuni, unaamka una homa, unaambiwa twende. Siku zilipita hatujafyatua hata risasi moja. Mtengenezaji wa filamu huzikata siku hizo kwa sababu hakuna kinachotokea, kumbe humo ndimo askari anamochakaa.

Jioni ya tarehe 10 Machi 1979 tulikuwa eneo la Lukaya, kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala, pale inapokatiza kwenye bwawa la mafunjo. Brigedi yetu, ya 201, karibu yote ilikuwa ya mgambo. Upande wa pili walikuwa wanajeshi wa Amin pamoja na Walibya waliotumwa na Gaddafi kumsaidia, wenye vifaru na mitambo ya kurushia roketi. Nayasema haya kwa utaratibu leo. Usiku ule hakuna mtu aliyeniambia lolote kati ya haya.

Nilichojua mimi ni mgongo wa mwenzangu aliyekuwa mbele yangu. Mara mbingu ikachanika. Roketi zile hazilii kama za kwenye picha, ambazo huanza mbali kwa mluzi ili mtazamaji apate muda wa kuogopa. Zilikuja zote kwa pamoja, ardhi ikapiga kifuani, na baada ya hapo masikio yangu hayakusikia ila mlio mmoja mwembamba usiokatika. Nyingi zilitupita juu zikaangukia nyuma yetu. Hilo nalo nimelijua baadaye. Wakati ule kila mmoja aliamini zimeanguka katikati ya kombania yake. Mstari ukavunjika. Watu waliingia bwawani, mafunjo yakawafunika, wengine wakarudi na barabara kuelekea Masaka. Nilimwona afisa anafungua kinywa, najua anapiga kelele, sauti haifiki. Adui sikumwona. Si mimi tu. Katika wenzangu niliozungumza nao miaka yote hii, sijampata aliyemwona adui usiku ule.

Alfajiri makamanda walitukusanya tena. Tukarudi kuwakabili kwa mbele, na Brigedi ya 208 ya Mwita Marwa, ambayo ilikuwa imezunguka kwa mbali, ikawashukia kutoka kaskazini-magharibi. Walibya na wenzao wakashindwa, na waliokufa upande wao walikuwa mamia. Ukiyaweka hayo kwenye filamu yatakuwa mazuri sana: kamera inapaa, tunaliona bwawa, tunawaona 208 wanavyozunguka, tunajua wokovu unakuja. Lakini aliyekuwa pale chini hakujua kama kuna mtu anazunguka. Alisikia milio upande ambao hakuutarajia, akadhani ndio mwisho wake.

Ndiyo maana nasema uongo mkubwa wa picha za vita hauko kwenye damu. Damu wanaijua, rangi ipo. Uongo ni kwamba kamera inajua adui alipo. Inamwonyesha yeye kwanza, kisha inakurudisha kwa stelingi, nawe unakaa kwenye kiti unajua mengi kuliko wote wawili. Askari hana kiti hicho. Hofu ya vita haitokani na kumwona mtu anayekulenga. Inatokana na kutojua risasi inatoka wapi, na kama aliye kushoto kwako bado yupo.

Wapo waliojaribu kusema kweli, na nawaheshimu. Saving Private Ryan ya Steven Spielberg, iliyotoka 1998, ilipofika huku, niliiangalia nikiwa na wazee wenzangu wawili. Kwenye ufukwe wa Omaha kamera imelala chini pamoja na askari, haioni mbali, na kombora linapolipuka karibu na kapteni anayeigizwa na Tom Hanks, sauti inapotea. Mmoja wetu alitoka nje. Nusu saa ile ya mwanzo ni kweli tupu. Baada ya hapo stelingi anapewa kazi, ramani inafunguliwa, na picha inarudi kuwa picha. Filamu ya Kisovieti ya Elem Klimov, Come and See, ya mwaka 1985, haikurudi nyuma. Inamfuata mvulana mmoja katika Belarusi iliyochomwa moto na Wajerumani, masikio yake yanalia kama yangu yalivyolia, na uso wake unazeeka mbele yako. Anayetaka kuvijua vita aanzie hapo.

Lipo na jambo la vifo. Tony Avirgan na Martha Honey, waandishi wa habari waliofuatana na jeshi letu, waliandika kwamba askari wa Tanzania waliokufa katika vita hivyo ni 373, na kati yao 96 tu ndio waliouawa katika mapigano. Waliobaki walichukuliwa zaidi na ajali, na wengine na maradhi. Katika kombania yetu kijana aliyekuwa akituimbisha njiani alikufa lori lilipopinduka kwenye utelezi, usiku, hakuna adui karibu. Alikufa vitani, kwa ajili ya nchi hii, sawa na aliyepigwa risasi. Sijaona filamu yenye nafasi yake.

Na vita vyenyewe vya Kagera viko wapi kwenye filamu? Dunia imetengeneza za Amin. Ipo Rise and Fall of Idi Amin ya mwaka 1981, na ipo The Last King of Scotland ya 2006 iliyompa Forest Whitaker tuzo ya Oscar. Hii ya pili hadithi yake inakomea kwenye ndege iliyotekwa Entebbe mwaka 1976. Kuanguka kwa Amin kumeachiwa maandishi ya mwisho. Sisi tuliotembea hatumo humo.

Vijana mnaotengeneza filamu, mlioko Dar, Mwanza na Bukoba, nawaomba mje. Msianze na mizinga, kwa sababu ni ghali na mtaishia kumwiga Rambo. Anzeni na madereva, wapishi, wauguzi, wahandisi waliotandaza madaraja usiku, na wanavijiji wa Kyaka na Minziro, kule Kagera, waliokimbia na watoto mgongoni. Chukueni hata simu, mketi nao, mrekodi. Muwaulize walisikia nini na hawakujua nini. Fanyeni hivyo mwaka huu, maana aliyekuwa na miaka 20 mwaka ule wa 1978 sasa anakaribia 70, na wakubwa wetu wengi wameshazikwa.