Polisi wa Chuma Alipofika Ufipa

Mwishoni mwa miaka ya 1990 televisheni ilikuwa bado habari ya mbali kwa watu wa Sumbawanga. Vituo vya kwanza vya Tanzania Bara vilianza kurusha matangazo mwaka 1994 huko Dar es Salaam, na mawimbi yake yalichukua muda mrefu kupanda hadi kwetu juu ya uwanda wa Ufipa. Kilichotufikia mapema ni mikanda ya video. Ilikuja kwa njia ileile iliyoleta chumvi, betri na mitumba: barabara ya vumbi ya kutoka Tunduma kupitia Laela. Malori yaliyofuata mahindi yetu hayakuja matupu, na katikati ya maboksi ya sabuni palikuwa na mikanda iliyokwisha kunakiliwa mara nyingi, picha zimejaa chenga, sauti inakoroma. Masika barabara ilipoharibika, hakuna lori lililopita wala mkanda mpya uliofika, na banda la video likaonesha picha ileile wiki baada ya wiki. Ndiyo maana vijana wengi wa rika langu waliijua filamu ya RoboCop kwa ghibu kabla hawajamwona askari wa usalama barabarani akiongoza magari.

Banda letu lilikuwa mtaa wa Majengo. Kuta za matofali ya kuchoma, bati juu, mabenchi ya mbao, madirisha yamezibwa kwa magunia ili mwanga usiingie. Kiingilio kilikuwa shilingi 50, baadaye 100. Juni na Julai, baridi ya Ufipa inapokata hadi mifupa, watu waliingia na makoti mazito ya mitumba wakabanana, na joto la watu likawa sehemu ya starehe. Mvua ikinyesha juu ya bati hukusikia neno, lakini hilo halikutusumbua, kwa sababu maneno ya kwenye kioo yalikuwa Kiingereza na waliokielewa walikuwa wachache. Sauti tuliyoifuata ilikuwa ya mkalimani.

Sisi tulimwita Mzee. Alikuwa miongoni mwa Wafipa wengi waliovuka mpaka ujanani kwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya shaba ya Zambia, na huko Kitwe ndiko alikojifunza Kiingereza na kuzoea sinema, kwani kambi za wachimbaji zilikuwa na maonesho ya sinema tangu enzi za mkoloni. Alisimama kando ya televisheni ameshika fimbo nyembamba. Kila mtu mpya alipotokea kwenye kioo, Mzee alimgusa kwa ncha ya fimbo na kutujulisha: huyu ndiye stelingi, huyu ni adui, na huyu hapa ni adui anayejifanya rafiki, mwangalieni vizuri.

RoboCop ilitengenezwa mwaka 1987 na Paul Verhoeven, Mholanzi aliyehamia Marekani. Ni habari ya mji wa Detroit, ambako polisi wamekabidhiwa kampuni moja kubwa iitwayo OCP. Askari Murphy anauawa kinyama na majambazi, kisha kampuni inachukua kilichobaki cha mwili wake na kumfanya polisi wa chuma. Wengi waliingia bandani kwa ajili ya risasi. Mzee alitaka tuone jambo jingine, na alituonesha kwa subira.

Kuna tukio la mwanzoni ambalo hadi leo naweza kulisimulia kipande kwa kipande. Wakubwa wa kampuni wamekaa kwenye meza ndefu, suti na tai. Bosi mmoja, Dick Jones, analeta roboti kubwa lenye miguu miwili na bunduki pande zote mbili, ED-209, analotaka liuzwe lilinde miji. Kijana mmoja wa ofisini anaambiwa achukue bastola alielekezee, ili wakubwa waone linavyofanya kazi. Roboti linamwamuru aweke silaha chini, linampa sekunde 20. Kijana anaitupa bastola. Roboti halikuona. Linaendelea kuhesabu, wenzake wanamsukuma asiwakaribie, na muda unapokwisha linammiminia risasi pale pale juu ya meza. Jones anasema ni hitilafu ndogo tu. Mkuu wa kampuni anamgeukia na kulalamika kwamba hitilafu hiyo itawagharimu dola milioni 50 za riba.

Hapo Mzee alinyamaza. Aliacha ukimya ukae, kisha akauliza, "Nani ametaja jina la marehemu?" Tukatazama kioo. Hakuna aliyelitaja. "Wametaja nini?" Banda zima likajibu: "Hela!" Nimesoma maandishi ya wataalamu kuhusu filamu hiyo tangu wakati ule, na sijakuta swali lililofika kwenye kiini cha jambo haraka kuliko lile.

Baadaye katika picha hiyohiyo, Jones anakiri kwamba hakujali kama ED-209 linafanya kazi au halifanyi. Alikuwa na uhakika wa kuliuzia jeshi, matengenezo yake, na vipuri kwa miaka 25. Wazee waliokuwa benchi la nyuma walipiga makofi ya uchungu. Vijijini kwao walikuwa wameona matrekta ya miradi yakipokewa kwa ngoma na hotuba, kisha yakafia shambani kwa kukosa kipuri kimoja. Walijua kwamba aliyeuza alikwisha kulipwa.

Katikati ya picha hukatiza taarifa ya habari na matangazo ya biashara: watu wanauziwa mioyo ya bandia, familia inacheza mchezo wa mezani wa kurushiana mabomu ya nyuklia, na gari moja linasifiwa kwa ukubwa wake. Wageni bandani walipiga kelele kwamba mkanda umerekodiwa juu ya mkanda mwingine, rudisha picha. Mzee aliwatuliza: "Kaeni. Hiyo ndiyo picha yenyewe." Akaeleza kwamba katika nchi ile taabu ya watu na bidhaa za dukani vinatangazwa kwa sauti moja na tabasamu moja, hadi mtazamaji hawezi tena kutofautisha kipi cha kulilia na kipi cha kununua. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kuona tangazo la biashara la televisheni. Tuliona dhihaka yake kabla ya kuliona lenyewe, na naamini ilitukinga kiasi.

Nje ya banda Tanzania ilikuwa inauzwa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo watu walivyosema sokoni, ingawa jina rasmi lilikuwa ubinafsishaji. Tume ya Rais iliyoundwa kurekebisha mashirika ya umma ilikuwa na mashirika karibu 400 mikononi mwake. Nusu ya Kampuni ya Bia ilikwenda kwa Waafrika Kusini mwaka 1993. Benki ya Taifa ya Biashara, NBC, iligawanywa mwaka 1997, na mwaka 2000 NBC mpya ikaingia mikononi mwa ABSA, ya Afrika Kusini pia. Mwaka 2002 uendeshaji wa shirika la umeme, TANESCO, ukapewa NETGroup Solutions, nayo ya huko huko, na wafanyakazi wa umeme wakapinga waziwazi. Mwaka uliofuata maji ya Dar es Salaam yakakabidhiwa kampuni ya City Water, mkataba ambao serikali iliuvunja mwaka 2005. Habari hizi zilitufikia kwa redio, na bandani zilikuwa na jina moja tu. Mtu akisema, "Umeme nao umechukuliwa na OCP," hakuna aliyehitaji maelezo.

Sisi watoto wa wakulima tulikuwa na kisa chetu cha karibu zaidi. Mkoa wetu wa Rukwa ulihesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikuu ya mahindi. Wazazi wetu walizoea bei moja nchi nzima na mbolea yenye ruzuku. Ruzuku iliondolewa hatua kwa hatua mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mnunuzi akawa mfanyabiashara mwenye lori. Alikuja mwezi ambao ada ya shule inadaiwa, akataja bei yake, akataka gunia la lumbesa. Debe sita zikawa saba, gunia likashonewa kilemba, na malipo yakabaki ya gunia moja. Mkulima wa Ufipa, anayejua kutengeneza matuta ya majani yaliyofukiwa yakaoza na kurutubisha udongo kama walivyofanya babu zake, akawa hana neno juu ya kipimo cha mazao yake mwenyewe.

Kwa hiyo tulipooneshwa Total Recall, kazi nyingine ya Verhoeven, ya mwaka 1990, Mzee hakuwa na kazi kubwa. Sayari ya Mirihi haina hewa. Hewa inamilikiwa na mtawala mmoja, Cohaagen, na wakazi wanainunua. Wanapoasi, anafunga hewa ya mtaa mzima wa maskini na kuwaacha wakihema. Chini ya ardhi kuna mtambo wa kale unaoweza kuipa sayari nzima hewa ya bure, naye anaujua, na anauficha kwa sababu hewa ya bure itamwondolea utawala. Mwigizaji mkuu, Schwarzenegger, alipiga watu kama kawaida yake. Lakini nakumbuka mama mmoja aliyekuwa akiuza karanga mlangoni, ambaye kwa kawaida hakutazama. Aliingia na ungo wake, akasimama akiwa kimya hadi mtambo ulipowashwa na watu wakapumua. Akasema kwa sauti, "Kumbe ilikuwepo siku zote!" Huyo alikuwa ameelewa kila kitu.

Wazazi wengi waliliona banda kuwa uharibifu, na hawakukosea kabisa. Damu ilikuwa nyingi, na watoto wadogo hawakupaswa kuwepo. Wapo walimu waliotuambia kwamba picha za maroboti ni ndoto za Wazungu zisizohusu Mfipa. Hilo silikubali. Shuleni tulisoma Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, nchi inayoelea angani, ambako wajumbe wanatumwa pande zote za ulimwengu, wanarudi na mawazo mema, na wanafungwa gerezani kwa kuyaleta. Karama, akishtakiwa na waziri Majivuno, anasimama mahakamani kujitetea kwa kusimulia visa vyao. Chini ya mkoloni mtu hakuweza kuandika hayo kuhusu Tanganyika akabaki salama, basi Shaaban Robert akaipeleka nchi mawinguni. Verhoeven aliipeleka Marekani ya Rais Reagan katika miaka ijayo. John Carpenter, katika They Live ya mwaka 1988, alimpa kibarua asiye na kazi miwani inayomwonesha maneno yaliyofichwa ndani ya mabango ya matangazo: tii, nunua. Na bibi zetu waliokaa jikoni wakisimulia jinsi sungura alivyomshinda fisi aliyekuwa mkubwa wa kijiji walikuwa na ufundi huohuo. Ukitaka kumsema mwenye nguvu, msogeze mbali kidogo na hapa, ili asikilizaye acheke kwanza, kisha atambue.

Kilichobaki ni kazi ya kuirudisha hadithi nyumbani, na hiyo ndiyo aliyoifanya Mzee. Dhihaka ya Detroit ingebaki Detroit bila fimbo yake. Dar es Salaam, mkalimani aitwaye Lufufu alijipatia umaarufu mkubwa kwa kurekodi tafsiri zake juu ya mikanda na baadaye diski, na Uganda wafasiri waitwao VJ wamekuwa taasisi. Wenye filamu wana haki ya kudai chao, na nakala zile zilikuwa za wizi. Lakini kama elimu ya uraia, sijaona darasa lililozidi mabanda hayo. Tulijifunza kutazama mkataba na kuuliza nani ananufaika. Tulijifunza kwamba polisi wa chuma ana amri ya nne iliyofichwa ndani yake, inayomzuia kumkamata mkubwa yeyote wa kampuni, na kwamba sheria yenye amri ya nne haiwezi kumlinda mtu wa kawaida. Mkuu wa OCP anapomfukuza Jones kazi, hapo tu ndipo risasi inaruhusiwa. Banda lilishangilia, na Mzee akatukatiza: "Mbona mnashangilia? Amri ya nne bado ipo."

Leo Sumbawanga ina lami hadi Tunduma, na kijana anatazama filamu kwenye simu peke yake, matangazo yakiingia kila baada ya dakika chache. Filamu ni nyingi kuliko zamani, na nyingine ni za kwetu. Wanuri Kahiu wa Kenya alitengeneza Pumzi mwaka 2009, kuhusu Afrika Mashariki baada ya vita ya maji, ambako hata jasho la mtu linasafishwa na kunywewa tena. Inadumu dakika 20 hivi, na ningependa kila shule ya sekondari ya Rukwa iioneshe kisha iijadili.

Lakini nadai zaidi ya hapo. Huku kwetu bado yamesimama mabaki ya matanuru marefu ya udongo ambamo Wafipa waliyeyusha chuma, kazi iliyokufa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 majembe ya kiwandani kutoka ng'ambo yalipojaza masoko. Watu waliotengeneza chuma chao wakawa wanunuzi wa chuma cha wengine. Hiyo ni hadithi ya siasa na ya soko, na inaweza kusimuliwa kwa kuipeleka mwaka 2150, kwenye Ufipa ambako mbegu zote zina mwenyewe na mvua inauzwa kwa lumbesa. Vijana wenye simu zenye kamera wapo, hadithi ipo, na watazamaji watakaoielewa bila mkalimani wapo kila kijiji kuanzia Matai hadi Namanyere. Waitengeneze, na waioneshe kwa watu waliokaa pamoja, ili atakayeuliza "nani ananufaika?" ajibiwe na benchi zima.