Barua kutoka Oakland: Nani Alimuuliza Winston?

Wapenzi wasomaji wa nyumbani,

 Huku Oakland, California, mvua za majira ya baridi zimekatika, na watu kazini wameanza kuulizana nani atakwenda wapi likizo ya kiangazi. Kwenye maduka ya vitabu meza ya mbele imejaa riwaya za mapenzi ya likizo, zile zenye mchanga mweupe na miavuli kwenye jalada. Mada ya barua hii ni riwaya moja ya aina hiyo. Tuliisoma katika kikundi chetu, na mjadala uliokusudiwa kuwa wa jioni moja unaendelea kwenye simu hadi leo.

Riwaya yenyewe ni ya zamani kidogo. Inaitwa How Stella Got Her Groove Back, imeandikwa na Terry McMillan, na ilitoka mwaka 1996. Huenda wengi wenu mliiona filamu yake ya 1998, ile ya Angela Bassett na Taye Diggs. Stella Payne ana miaka 42. Ameachika, ana mtoto mmoja wa kiume, na kazi yake ni kuchambua uwekezaji huko San Francisco, ng'ambo tu ya ghuba kutoka hapa ninapoandikia. Ana nyumba nzuri na mshahara mkubwa, lakini moyo umechoka. Mtoto anapokwenda kukaa na baba yake, anaamua ghafla kusafiri peke yake hadi Negril, magharibi kabisa mwa Jamaica. Huko hotelini anakutana na Winston Shakespeare, kijana ambaye bado hajatimiza miaka 21. Wanapendana. Likizo inakwisha, lakini mapenzi hayaishi, na sehemu kubwa ya kitabu ni Stella akihangaika na swali la kama aone aibu. Mwisho wake Winston anakuja California na wanakubaliana kuoana.

Kikundi chetu ni cha wanawake, wengi wao Wamarekani Weusi waliovuka umri wa miaka hamsini. Tunakutana katika maktaba ya mtaa. Aliyeanza kuzungumza ni muuguzi mstaafu, na alizungumza akiwa amekishika kitabu kifuani. Alikisoma mara ya kwanza kilipotoka, akiwa ametoka tu kuachika na analea watoto wawili, akifanya kazi zamu ya usiku. Alituambia kwamba katika riwaya zote za mapenzi alizokuwa akinunua wakati ule, mwanamke mwenye rangi yake aliyelala kwenye kiti cha hoteli akiletewa kinywaji hakuwepo. Alikuwepo yule anayekileta. Kwa hiyo kurasa zile za mwanzo, Stella akichagua nguo za kuogelea na kujadiliana na nafsi yake juu ya mapaja yake, zilimfanya alie. Hakuyajali mapenzi ya Winston kwa kiasi hicho. Kilichomgusa ni mwanamke kupumzika bila kuomba ruhusa ya mtu.

Nilimwelewa vizuri. McMillan alikuwa amekwisha kuandika Waiting to Exhale mwaka 1992, kitabu kilichouzwa kwa mamilioni na kuwaonyesha wachapishaji wa New York kwamba wanawake Weusi wananunua riwaya kwa wingi wanapojiona ndani yake. Halafu mauti yakamwandama. Mama yake alifariki 1993, na mwaka uliofuata akafariki rafiki yake wa karibu. Akakwama katika riwaya aliyokuwa akiiandika, akaenda Jamaica mwaka 1995, akakutana na kijana, na aliporudi akaiandika Stella kwa kasi kubwa. Ukijua hayo unasoma kitabu kwa jicho lingine. Stella naye ana rafiki aliyemzika, na msiba huo uko chini ya vicheko vyote vya ufukweni.

Kasi hiyo ya uandishi ndiyo iliyomkera mwalimu mmoja mstaafu wa shule ya sekondari. Sentensi za Stella zinaweza kukimbia ukurasa mzima bila mkato wala nukta, wazo likiparamia wazo, bei ya mkoba ikifuatwa na hofu ya kufa peke yake. Mwalimu alisema alitamani kuchukua kalamu nyekundu. Alisema pia kwamba mwandishi wa Waiting to Exhale, aliyewapa sauti wanawake wanne na kila mmoja akasikika kivyake, hapa amejiachia.

Hapo sikukubaliana naye, na naona wengi wanaokilaumu kitabu hiki kwa lugha yake wamekisoma kimya kimya mno. Nyumbani kwangu nilikisoma kwa sauti. Ukikisoma hivyo unamsikia mwanamke anayejisemesha saa nane za usiku nyumba ikiwa imelala, na mwanamke wa namna hiyo haweki nukta. Anaanza na nguo za kufuliwa, anafika kwenye ndoa iliyovunjika, anakumbuka hajalipa bili, anarudi kwenye ndoa. Bibi zetu wanaposimulia jambo linalowauma huenda mwendo huohuo. McMillan ameusikia mwendo huo na kuuandika ulivyo, na kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyoonekana.

Lakini aliyeubadilisha mjadala ni dada mmoja aliyezaliwa Montego Bay. Mama yake alitandika vitanda hotelini kwa miaka mingi. Alikuwa kimya muda wote, kisha akauliza katika zile siku za Negril nani alikuwa akibadilisha shuka za Stella. Watu wakanyamaza. Akaendelea kwamba amewaona vijana wa aina ya Winston tangu utotoni, na wengine walikuwa binamu zake. Wapo wanaopenda kweli, wapo wanaotafuta chakula cha siku, na wapo ambao wenyewe hawajui wako upande gani kwa sababu mambo hayo mawili yamekuja pamoja, katika mtu mmoja, kwa ndege moja. Hakusema Winston ni mwongo. Alisema kitabu hakikumpa nafasi ya kusema uongo wala ukweli. Tiketi analipiwa, safari anapangiwa, na kila anachowaza tunakijua kupitia macho ya mwanamke anayemtamani.

Nilipomsikiliza nilikuwa nimerudi Pwani kimawazo. Nani kati yetu aliyekulia Malindi, Diani au Nungwi asiyewajua hao vijana? Mombasa tunawaita bichi boi, Unguja ni mapapasi, na tunawataja kwa dharau mpaka siku mmoja wao anapojenga nyumba ya mawe, hapo tunaanza kumwita kwa jina lake. Tuna vitabu na filamu kuhusu ufukwe wetu pia, karibu vyote vimetoka upande wa mgeni. Corinne Hofmann wa Uswisi aliandika kitabu cha Die weiße Massai, kilichotoka 1998, akisimulia jinsi alivyomwona kijana wa Kisamburu kwenye feri ya Likoni alipokuwa likizoni, akaacha biashara yake na kumfuata hadi Barsaloi. Kiliuzwa mamilioni, na mwaka 2005 kikawa filamu. Mwaka 2012 Ulrich Seidl wa Austria alitoa Paradies: Liebe, filamu iliyopigwa pwani ya Kenya, kuhusu mwanamke wa makamo anayetafuta mapenzi kwa vijana wa ufukweni. Hiyo ya Seidl ni kali na haimhurumii mtu yeyote. Kitabu cha Hofmann kina huruma kwa msimulizi zaidi kuliko kwa wale anaowasimulia. Nimewaona wasomaji wa Kijerumani wakikisifu kwa ujasiri wake, na nimewasikia watu wa kwetu wakikilalamikia kwa hasira kwa namna kilivyouchora ukoo mzima kupitia ugomvi wa watu wawili.

Nilileta mifano hiyo mezani, na muuguzi akanijibu kwamba Stella ni Mweusi, hivyo mambo yake yasichanganywe na ya Wazungu. Nililifikiria jambo hilo usiku kucha. Ana haki kwa kiasi. Stella anapotua Jamaica watu wanamwita dada, na yeye anaona nyuso zinazofanana na za nyumbani kwao. Hisia hiyo ni ya kweli, na McMillan anaiandika kwa upendo. Hata hivyo pasipoti ya Stella ni ya bluu, imeandikwa Marekani, na anaweza kurudi Negril wiki yoyote atakayo. Winston hawezi kuja San Francisco kwa kutaka tu. Muuguzi hakulipenda jibu langu, nami sijaliacha.

Hapo ndipo sisi watu wa Afrika Mashariki tulipoingia kwa nguvu. Tuko watatu kikundini, na wote watatu, bila kupanga, tulikuwa tumesoma kurasa za mwisho tukiuliza swali moja: makaratasi yatakuwaje? Wenzetu walishangaa. Kwao ndoa ya Stella na Winston ni mwisho wa hadithi. Kwetu hapo ndipo hadithi inapoanza. Niliwaeleza jinsi mambo yanavyokwenda. Mchumba akiletwa kwa viza ya uchumba, sheria inawapa siku 90 wafunge ndoa, vinginevyo aondoke. Wakishaoana, grinkadi ya kwanza ni ya masharti kwa miaka miwili, na kabla haijaisha lazima mke na mume wapeleke ombi pamoja kuonyesha kwamba ndoa yao ni ya kweli. Wanatoa picha, hati za benki, mkataba wa nyumba. Zipo njia za kuomba peke yako ndoa ikivunjika au ukiteswa, ila si nyepesi, na wengi hawazijui.

Mwenzangu mmoja wa kutoka Arusha aliyaishi hayo. Alituambia kwamba katika miaka ile miwili kila ugomvi, hata wa vyombo jikoni, ulikuwa na mtu wa tatu ndani yake. Mumewe akikasirika, yeye alijiuliza kama kesho atatia saini. Mumewe naye, mtu mwema kabisa, alikuwa akijiuliza kama mkewe anavumilia kwa sababu anampenda au kwa sababu ya karatasi. Walipendana na bado wako pamoja, lakini upendo wao ulipita katika tanuri ambalo riwaya za likizo hazilitaji kabisa. Baada ya maneno yake, yule mwalimu mwenye kalamu nyekundu alisema hicho ndicho kitabu ambacho angependa kukisoma.

Halafu likaja lile suala ambalo kila anayemsoma Stella leo analijua. McMillan mwenyewe aliolewa na kijana aliyekutana naye Jamaica, mwaka uleule filamu ilipotoka. Mwaka 2005 ndoa ikavunjika, baada ya mumewe kumweleza kwamba anawapenda wanaume. McMillan alisema hadharani kwamba alidanganywa, na kwamba ndoa ilikuwa njia ya kupata uraia. Mumewe alikana. Waliyabishania mbele ya televisheni, nchi nzima ikitazama.

Kikundini baadhi walisema habari hiyo imekiua kitabu. Mmoja alisema hawezi tena kusoma ukurasa wowote wa Negril bila kumwonea mwandishi huruma. Mwingine alicheka, akasema mwanamke wa miaka arobaini na kitu alitegemea nini kwa kijana wa ishirini.

Kicheko hicho kiliniudhi, na nilisema hivyo. Kwetu mzee wa miaka sitini akioa binti wa miaka ishirini, tunakwenda kula pilau. Ndoa hiyo ikivunjika, tunamlaumu binti. Mwanamke akithubutu jambo hilohilo, na kwa mapenzi ya wazi, kuvunjika kwa ndoa yake kunafanywa hukumu juu ya akili yake, na hata juu ya kitabu alichoandika miaka tisa kabla. Riwaya haikutoa ahadi kwamba watu hawa wataishi pamoja hadi kufa. Ilisimulia jinsi mwanamke aliyekuwa amejizika mwenyewe alivyofufuka katika wiki chache. Hilo lilitokea. Talaka haiwezi kulifuta. Na yule kijana pia, ambaye hakuwa na njia rahisi ya kujijua na kujitaja huko alikokulia, anastahili kusomwa kwa huruma, ingawa aliyeumizwa ana haki ya kulia kwa sauti.

Kwa hiyo mkiniuliza nasimama wapi, nasema nimempenda Stella, na nitampa binti yangu kitabu hiki akifika umri wa kuchoka. Upande wa Winston umebaki mtupu. Nataka kumwona akitoka hotelini usiku akipanda basi la wafanyakazi. Nataka kujua mshahara wake wa mwezi ni kiasi gani ukilinganisha na bei ya chumba cha Stella kwa usiku mmoja, karo ya mdogo wake inalipwa na nani, na mama yake alisema nini aliposikia umri wa mwanamke. Nataka kujua alipokuwa peke yake alimwita Stella nani: mpenzi, mgeni, au tiketi. Pengine majina yote matatu, kwa siku tofauti.

Nilipoyasema hayo, muuguzi akanijibu kwa ukali wa mtu anayekilinda kitu alichokipenda miaka mingi. Alisema McMillan aliandika alichokijua, na alikijua hadi mfupani. Sura ninazozitaka hazikuwa zake kuandika. Kama zinahitajika, wazitoe watu wa ufukweni.

Nimekubaliana naye. Ndiyo maana nawaandikia ninyi mliopo Watamu, Paje na Diani, mliofanya kazi mapokezi na jikoni, mlioolewa na kuoa kutoka upande ule, mlioachwa uwanja wa ndege na mliofika Zurich mkarudi. Nijibuni kupitia gazeti hili, hata kwa kurasa mbili. Kikundi kitakutana tena Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, na nimeahidi kuwatafsiria wenzangu kila mtakachokileta. Dada wa Montego Bay naye anataka kuandika, na ameomba ya kwake yawe ya kwanza kusomwa.



Wenu wa ughaibuni.