Kalemie, mji unaopigia pasi makofi

Kalemie iko nyuma ya Kigoma kwa saa moja, kwa hiyo mgeni anayevuka ziwa usiku akitokea Tanzania huzawadiwa saa nzima alfajiri, na hana pa kuipeleka. Yangu niliimalizia gatini, nimekaa juu ya gunia la mtu nisiyemjua, huku afisa akigeuza kurasa za hati yangu ya kusafiria polepole kama anayesoma hadithi tamu. Sikuwa na haraka. Kusi ilikuwa ikivuma, maji yakipiga kuta za bandari, na hewa ilinuka vitu vinne kwa pamoja: ndagala mbichi, mawese, dizeli na moshi wa mkaa. Mwenye gunia alipokuja kulichukua, alinisalimia kwanza, akauliza habari za nyumbani, akaulizia na ziwa lilivyokuwa usiku. Kisha ndipo akaniomba ninyanyuke.

Mji huu umebanwa kati ya vilima na maji. Kwa Kigoma ni mwendo wa kilometa kama 130 za ziwa, na kabla hujatoka bandarini unauona umuhimu wake: mabehewa ya treni yamesimama hatua chache tu kutoka kwenye meli. Reli kutoka Kabalo, kilometa 273, ilifika hapa mwaka 1915, mji ukiwa bado unaitwa Albertville. Mwishoni mwa mwaka huohuo Waingereza waliteremsha majini hapa boti zao mbili za vita, Mimi na Toutou, walizokuwa wamezikokota kutoka Afrika Kusini kwa reli, kwa barabara na kwa mito. Tarehe 26 Desemba 1915 zikaiteka Kingani, boti ya Wajerumani. Majina ya kuchekesha, kazi ya kutisha. Leo kinachoteremshwa hapa ni saruji, sukari, magodoro na watu wenye usingizi.

Nilianza na chai. Mama mmoja nje ya lango la bandari alikuwa akichovya vitumbula katika karai la mafuta, na alipoona natembea kama mtu ambaye miguu yake bado iko majini, alinisogezea kiti cha plastiki. "Karibu, papa, ikala." Vitumbula vya Kalemie ni vya mviringo, vizito, vyekundu kwa nje, na vikiwa vya moto vinataka pilipili ya kuponda, jambo ambalo mtu wa Dar es Salaam hulishangaa mpaka anapofika cha tatu. Tatizo lilikuja wakati wa kulipa. Noti yangu ya dola ilikuwa na mchaniko wa urefu wa ukucha wa mtoto mchanga, na nchini Kongo dola iliyochanika ni karatasi tu. Mama aliitazama, akaipitisha kwa jirani, jirani akaiinua juani, wote wakatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, kama watu waliofiwa. "Utalipa ukirudi," akasema. Hakuniuliza nitarudi lini. Mbadilisha fedha wa pili ndiye aliyenipa faranga, kwa noti nyingine, nami nikarudi mbio kulipa.

Barabara kuu inafuata ziwa, na miaka ya karibuni ziwa nalo limekuwa likiifuata barabara. Maji ya Tanganyika yalipanda sana mwaka 2020 na 2021, yakapanda tena 2024, yakaingia majumbani na kuwahamisha watu. Alama ya maji bado inaonekana ukutani kwenye majengo ya zamani yenye veranda pana na nguzo nene, na mahali pengine unatembea juu ya mifuko ya mchanga, mikono umeinyoosha pembeni usianguke. Pikipiki zinapita kwenye madimbwi kwa ustadi unaotia wivu. Kila baada ya hatua kumi kuna mtu wa kukusalimia, na salamu hapa haikubali kujibiwa kwa kunyanyua kidole. Lazima usimame, mkono utolewe, habari ziulizwe. Mwendo wa dakika ishirini ulinichukua karibu asubuhi nzima.

Nilipita daraja la Lukuga. Mto huu usiukose, hata kama una siku moja tu. Mito mingi inaingia katika Ziwa Tanganyika, lakini unaotoka ni huu peke yake: ziwa lenye kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani, linatolea maji yake hapa Kalemie, yanaelekea Lualaba, kisha mto Kongo, mpaka Bahari ya Atlantiki. Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika kwenye mdomo wake mwaka 1874, na wazungu wakabishana kwa miaka kama kweli maji yanatoka. Wavuvi wa hapa hawakuwa na ubishi huo. Chini ya daraja wanawake walikuwa wakifua, vijana wakiosha pikipiki, na chupa moja ya plastiki ilipita taratibu kuanza safari ndefu kuliko yangu.

Mchana nilikula mikebuka. Samaki huyu, ambaye Kigoma tunamwita mgebuka, hapa hukaangwa mzima mpaka mapezi yanavunjika mdomoni, kisha huletwa na bukari ya mihogo na sombe (kisamvu) iliyopikwa kwa mawese mengi. Bukari inanyumbuka kuliko ugali wetu wa mahindi na inataka vidole vyenye imani. Umeme ulikatika tukiwa katikati ya sahani, feni ikasimama, na hakuna aliyeinua macho. Mwenye mgahawa alifungua tu dirisha la upande wa ziwa, kusi ikaingia na kufanya kazi ya feni vizuri zaidi.

Hapo mgahawani ndipo nilipoulizwa natoka wapi. Nikasema Tanzania. "Basi uko ndugu ya Samatta!" alidakia mzee mmoja wa meza ya jirani, na kuanzia hapo sikuruhusiwa kulipia maji yangu. Kalemie ilikuwa sehemu ya Katanga mpaka mwaka 2015, ilipofanywa makao makuu ya mkoa mpya wa Tanganyika, lakini moyo wa mpira umebaki Lubumbashi. Mji umegawanyika kati ya TP Mazembe na Saint-Éloi Lupopo, na kwa kuwa Lupopo ni timu iliyozaliwa na wafanyakazi wa reli, katika mji wa reli kama huu ina watu wake wasiotikisika. Mzee alikuwa mmoja wao: mstaafu wa reli, shati limepigwa pasi, kofia magotini. Hata hivyo kuhusu Mazembe ya mwaka 2015 alizungumza kwa haki. Mbwana Samatta alifunga katika mechi zote mbili za fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya USM Alger, hilo halina mjadala. Lakini je, nani alikuwa akimlisha?

"Kalaba," akasema, akingoja niseme jina jingine ili anibishie. Sikusema. Rainford Kalaba, kiungo Mzambia aliyefika Mazembe mwaka 2011, alikuwa na miguu inayosikiliza kichwa, na yeye mwenyewe alifunga katika mechi ya kwanza ya fainali ile kule Algiers. "Benye kufunga beko bengi," mzee akaendelea. "Mwenye kuona eko mumoja." Kijana aliyekuwa akifuta meza alitaka kumkumbusha fainali ya Kombe la Afrika ya 2012, Libreville, Kalaba alipopaisha penalti yake juu ya mwamba, Zambia ikaokolewa na Gervinho wa wapinzani aliyekosa pia na Stoppila Sunzu, naye wa Mazembe, aliyefunga ya mwisho. Mzee hakukasirika. Alisema penalti ni mpira uliosimama, na mpira uliosimama hauna cha kuona. Kisha akavaa kofia. Jioni, akaniambia, kuna mechi ya wanafunzi wa chuo kikuu na vijana wa bandarini. Nije nimwone mtoto.

Mtoto mwenyewe ana umri wa kuoa. Anacheza namba sita, ni mrefu, mwembamba, soksi moja nyeupe na moja ya bluu, na mwendo wake kabla ya mechi ni wa mtu anayekwenda kuchota maji. Uwanja ni wa udongo mwekundu, umeinama kidogo kuelekea ziwa, kwa hiyo mpira ukitoka upande wa chini watoto hukimbizana nao wakipiga kelele, na mchezo husimama mpaka urudi umelowa. Hakuna viti. Watu husimama, hukaa juu ya pikipiki, juu ya ukuta, juu ya mabega. Wauza karanga hupita katikati yetu, na binti mmoja aliuza maji baridi kwa kutangaza matokeo ya Lubumbashi, jambo lililomuuzia kuliko maji yenyewe.

Kwa dakika kumi sikuona cha ajabu. Ndipo mpira ulipomfikia mgongo wake ukiwa umeelekea lango la wapinzani, na vijana wawili wa bandarini, wenye vifua vya kubebea saruji, wakamjia kwa pamoja. Mimi nilifumba jicho moja. Yeye aliusimamisha mpira, akainua kichwa, akaangalia kulia kama aliyeitwa na mama yake, na wale wawili wakaangalia huko pia. Akageukia kushoto. Kisha akapiga pasi ndefu iliyoelekea ziwani, mbali kabisa na mtu yeyote, nami nikasema moyoni, imepotea. Kusi ikaipokea. Upepo ukaukunja mpira ule kurudi uwanjani, taratibu, ukaangukia hatua moja mbele ya mguu wa winga aliyekuwa keshaanza kukimbia zamani.

Hapo ndipo uwanja ulipolipuka. Makofi, miluzi, honi za pikipiki, mama mmoja akipiga vigelegele na mtoto mgongoni. Winga alikuwa bado hajapiga shuti! Na alipopiga, alipiga nje, mbali sana, ukafuatwa na watoto. Wala makofi hayakupungua. Nimetazama mpira Dar es Salaam, Mwanza, Unguja, kote huko kelele hungoja wavu utikisike, na pasi nzuri iliyokoseshwa bao huishia kwenye matusi kwa mshambuliaji. Kalemie walikuwa wamekwisha kulipa deni lao kabla ya shuti.

"Hana na haraka," dada aliyesimama kushoto kwangu aliniambia, akiwa na fahari kama amemzaa. "Ule anaonaka mbele." Kaka wa dada huyo aliongeza kwamba mtoto hajui kupiga kelele uwanjani, hajui kulalamika kwa refa, akichezewa vibaya anainuka na kufunga kamba. Mvuvi mmoja, kiatu kimoja cha mpira mkononi, alitaka nielewe jambo la upepo: kijana amekulia ufukweni, na anayerusha wavu kila siku dhidi ya kusi anajua kwamba usilenge unapotaka, lenga pale ambapo upepo utakusaidia. Mstaafu wa reli naye alikuwa na maelezo yake, kwa sababu Kalemie kila mtu ana maelezo yake. Stesheni haimiliki mzigo, alisema. Inaupokea, inaangalia unakokwenda, inautoa kwa wakati. Namba sita ni hivyo.

Sijui ni nani kati yao aliyekuwa na haki zaidi, ila naegemea kwa mvuvi. Nilianza kumtazama mchezaji huyo peke yake, kama wafanyavyo wao, na nikaona kwamba nusu ya kazi yake hufanyika kabla mpira haujamfikia: anageuza shingo kushoto, kulia, kushoto, ili ukifika awe amekwisha kuamua. Pasi zake fupi hazina urembo. Zinakwenda kwenye mguu unaopendwa na mwenzake, kwa nguvu ile ambayo mpokeaji hahitaji kuuzuia mara mbili. Mara moja alikosea, mpira ukanaswa, na vijana wa bandarini wakakaribia kufunga. Akaomba mpira mwingine papo hapo. Mzee wa reli aliniminya kiwiko: hilo, alisema, ndilo alilonileta nije kuliona.

Mechi iliisha kwa sare ya bao moja kwa moja, vumbi likiwa limewafanya wachezaji wa timu zote mbili kuwa rangi moja. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya vilima na upande wa ziwa taa za mitumbwi ya ndagala zilianza kuwaka. Hakuna aliyeondoka mara moja. Namba sita alipita kati ya watu akipeana mikono, akiwaamkia wazee kwanza, na alipofika kwangu alinipa pole ya safari kabla sijampa hongera ya mchezo. Tulikwenda kundi zima mpaka mtaa wa Kataki, ambako mahindi yalikuwa yakichomwa na ubishi wa Mazembe na Lupopo ulianza upya kutoka mwanzo, tangu mwaka 1939 vilipoundwa vilabu vyote viwili, bila kuruka msimu.

Ukipanga kwenda, chagua Juni hadi Agosti, mvua zikiwa zimekoma, ijapokuwa kusi itakutikisa majini. Beba koti kwa ajili ya usiku wa ziwani, Kifaransa kidogo kwa ajili ya fomu, na dola safi zisizo na hata nukta. Na alasiri, ukisikia honi za pikipiki zikilia kwa pamoja, zifuate. Simama upande wa vilima ili jua liwe mgongoni mwako, na usisubiri bao ndipo upige makofi.