KISIIZI: MAHALI AMBAPO MGONJWA HUBEBWA NA JIRANI

Msafiri atokaye Mbarara kwenda Kabale, kusini-magharibi ya Uganda, akifika Muhanga anaweza kuiacha barabara kuu na kushika njia iendayo Rukungiri. Nchi hiyo ya Kigezi ni milima juu ya milima. Mashamba yamekatwa ngazi ngazi toka bondeni hata kileleni, na nyumba zimetawanyika, kila moja ubavuni mwa mlima wake. Mwenye afya huisifu nchi hiyo kwa uzuri. Bali mwenye mke aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane, mvua ikinyesha, huitazama kwa jicho jingine.

Njiani ndipo ilipo Kisiizi. Hapo maji huporomoka kutoka mwambani, urefu wa karibu mita 30, na chini yake pamejengwa hospitali ya Kanisa la Uganda. Zamani palikuwa na kiwanda cha kitani. Kiwanda kilipokwisha kufungwa, Daktari John Sharp alianzisha hospitali katika majengo yake mwaka 1958. Maji yale yale leo huzungusha mtambo wa umeme, na kwa nguvu yake taa za chumba cha upasuaji huwaka.

Wazee wa huko husimulia habari ya kuhuzunisha juu ya maporomoko hayo. Wasema kwamba hapo kale msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa alipelekwa juu ya mwamba, na ndugu zake mwenyewe wakamsukuma. Siku moja msichana mmoja alimshika kaka yake kwa nguvu, wakaanguka wote wawili. Na tangu siku hiyo desturi ile ikakoma. Leo, chini ya mwamba huo huo, mama huzaa salama mikononi mwa wauguzi.

Lakini hospitali ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni engozi. Hilo ndilo jina la machela ya watu wa Kigezi, iliyosukwa kama kikapu kirefu na kufungwa kwenye miti, ambayo wanaume huichukua mabegani. Askari anayesoma ukurasa huu anajua uzito wa mtu aliyelala juu ya machela. Na afikirie uzito huo kwenye mteremko wa utelezi, gizani. Hakuna mtu mmoja awezaye kumbeba mgonjwa wake peke yake. Kwa hiyo majirani waliunda vyama vya engozi. Kila nyumba ina jina lake katika daftari, kila mwanachama hutoa mchango wake, na asiyeitika mwito bila sababu hutozwa faini.

Vyama hivyo ni vya mlima mzima, si vya waumini tu. Hata hivyo, katika nchi ambayo uamsho wa Kikristo ulienea tangu miaka ya 1930, wengi wa wanaoinua miti ile ndio hao hao wakaao pamoja kanisani Jumapili. Agizo la Mtume Paulo kwa Wagalatia, juu ya kusaidiana katika mizigo, kwao si neno la mimbarini tu.

Ulibaki mzigo mmoja ambao mabega hayakuweza kuubeba, nao ni gharama ya matibabu. Mtu aliyeogopa deni alikaa nyumbani mpaka ugonjwa ukamzidi, akafika hospitali akiwa amechelewa. Mwaka 1996 hospitali ya Kisiizi ilianzisha bima ya afya, nayo haikutafuta msingi mpya; ilijenga juu ya vyama vya engozi. Familia hujiunga kwa njia ya chama chao, na sharti mojawapo ni kwamba sehemu kubwa ya wanachama wajiunge pamoja. Sababu yake ni wazi: wakiingia wagonjwa peke yao, mfuko hukauka upesi. Mzima hutoa leo ili mgonjwa atibiwe, naye akiugua kesho, wengine wamekwisha kumtolea.

Ndugu msomaji, upendo wa Kisiizi una daftari, zamu na faini. Wengine watasema kwamba upendo wenye faini si upendo. Lakini mgonjwa aliye mlimani usiku hahitaji huruma itakayoamka asubuhi. Ahitaji watu wanne waliokwisha kukubaliana tangu jana.

Familia zetu zikaazo kambini, mbali na wazazi na ukoo, zinalijua jambo hilo. Baba akiwa safarini kikazi na mtoto akapatwa na homa, ni nani atakayegongewa mlango? Afadhali jina lake lijulikane leo, wakati watoto wote wangali wazima.