Kasese na Bwera: Nyumba Kuukuu ya Wageni na Kiinua Mgongo cha Askari

Msafiri anayetoka Mbarara kwenda Kasese huvuka mfereji wa Kazinga kwenye daraja la Katunguru, akapita katika Mbuga ya Queen Elizabeth, kisha akauvuka mstari wa ikweta karibu na Kikorongo. Hapo barabara hugawanyika. Moja hushika kushoto kuelekea Bwera na mpaka wa Kongo huko Mpondwe. Nyingine huendelea hadi Kasese. Upande wa magharibi imesimama milima ya Rwenzori, ambayo kilele chake cha Margherita kina urefu wa mita 5,109. Theluji iko huko juu, bali mji wa Kasese uko bondeni, penye joto na mbu.

Katika miji hii miwili kazi ya kulaza wageni ni ya tangu zamani. Huwavutia pia askari na polisi wanaokaribia kustaafu, kwa kuwa nyumba kuukuu yenye vyumba kumi au kumi na viwili huonekana kuwa mahali pema pa kuweka kiinua mgongo. Huenda ikawa hivyo. Lakini fedha hiyo hupatikana mara moja tu katika maisha ya mtumishi, na ikizama katika nyumba mbovu hairudi tena. Kwa hiyo yafaa mnunuzi ajue historia ya mahali kabla ya kuhesabu vyumba.

Reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956, na mwaka huohuo mgodi wa Kilembe ukaanza kutoa shaba. Kampuni ya mgodi ilijenga nyumba za wafanyakazi, shule na hospitali katika bonde la mto Nyamwamba. Mjini wafanyabiashara walijenga maduka na safu za vyumba vya kupangisha, zile ambazo Waganda huziita mizigo. Hoteli ya Margherita nayo ikajengwa kando ya njia ya Kilembe. Shaba ilikoma kutolewa mwaka 1982, na katika miaka ya 1990 treni ya abiria ikaacha kuja. Watu waliondoka, nyumba zikabaki.

Baadhi ya nyumba hizo zimepata kazi mpya. Huko Kyanjuki, juu ya Kilembe, nyumba za zamani za wachimbaji zimetengenezwa zikawa malazi ya wapanda milima. Jambo hilo laonyesha kwamba ukuta uliojengwa vizuri huweza kutumika hata baada ya kazi yake ya kwanza kwisha. Hata hivyo bonde hilohilo latoa onyo. Mwezi Mei 2013, na tena Mei 2020, mto Nyamwamba ulifurika ukateremsha mawe makubwa na miti, ukabomoa nyumba na madaraja. Mwaka 2020 hata hospitali ya Kilembe iliharibiwa, wagonjwa wakahamishwa.

Basi swali la kwanza la mnunuzi lihusu mto, ndipo aulize juu ya paa. Maji yalifika wapi katika mafuriko yale? Majirani wanakumbuka, na alama za tope ukutani husema kweli kuliko dalali. Kanuni za serikali za mwaka 2000 zinataka nafasi isiyopungua mita 30 iachwe kutoka ukingo wa mto, na mita 100 kwa mito mikubwa iliyotajwa humo. Nyumba iliyo ndani ya mpaka huo, hata iuzwe kwa bei rahisi namna gani, si rahisi. Hali kadhalika, kisima kilichofikiwa na mafuriko kisitumiwe kabla ya maji yake kupimwa, maana mto hupita penye mabaki ya mgodi yenye shaba na kobalti.

Nyumba ikisimama mahali salama, matengenezo yafuate utaratibu. Kwanza ni paa na mifereji yake, kwa sababu maji yanayovuja hulainisha ukuta, huozesha mbao na kuleta mchwa. Shiti kuukuu za asbesto zisikatwe wala kuvunjwa ovyo. Vumbi lake hudhuru mapafu, na kuziondoa ni kazi ya mafundi waliofunzwa. Pili ni maji safi na maji machafu: mabomba yaliyoliwa na kutu, tangi la akiba, na shimo la choo, ambalo aghalabu lilichimbwa kwa ajili ya watu wachache kuliko waliomo sasa. Tatu ni umeme. Nyaya za zamani hukauka ganda, na mpangaji wa leo ana pasi, birika na jiko la umeme. Mzigo huo waweza kuiunguza nyumba nzima. Nne ni nyavu za madirisha na vyandarua, pamoja na vita dhidi ya kunguni. Rangi ije mwisho. Wenye nyumba wengi huanza na rangi kwa kuwa ndiyo inayoonekana, na masika yakipita ukuta huchubuka tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Yafaa pia kutengeneza vyumba viwili viwili, vingine vikiendelea kupokea watu, ili kodi yake isaidie kulipa mafundi. Mwenye kuifunga nyumba yote kwa pamoja huweza kuishiwa fedha kabla ya milango kufunguliwa tena.

Huko Bwera somo ni la namna nyingine. Mji huu huishi kwa mpaka. Siku za soko watu huja kutoka ng'ambo ya mto Lhubiriha, na wengi wao huelewana kwa lugha moja, maana Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo ni ndugu. Madereva na wachuuzi hulala usiku mmoja, au juma zima wakingojea karatasi za mizigo. Lakini mpaka huweza kunyamaza ghafla. Mwezi Juni 2019 ugonjwa wa Ebola ulivuka na kuingia wilaya ya Kasese, na mwezi Machi 2020 mipaka ilifungwa kwa ajili ya korona. Nyumba inayotegemea wapita njia peke yao haina kinga siku kama hizo.

Kinga ni mpangaji wa mwezi: mwalimu, muuguzi, karani wa forodha, askari aliyehamishwa. Tuseme nyumba ina vyumba kumi na viwili. Vinane vikipangishwa kwa mwezi, kodi yake yaweza kupangwa ilipe maji, umeme, mlinzi na akiba ya matengenezo. Vinne vya wageni wa usiku vilete faida. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika nyumba ya namna hii, jembe hilo ni mkataba wa maandishi na risiti kwa kila malipo. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022 inakataza kumfukuza mpangaji bila amri ya mahakama, kwa hiyo ni heri kuchagua vema mwanzoni kuliko kugombana baadaye.

Kitabu cha wageni nacho kiandikwe kwa uaminifu. Mpondwe ilishambuliwa na waasi wa ADF mwezi Novemba 1996, na mwezi Juni 2023 waasi hao waliwaua wanafunzi katika shule ya sekondari ya Lhubiriha. Jina, kitambulisho na mahali atokako mgeni ni ulinzi wa jirani kama ulivyo ulinzi wa nyumba yenyewe.

Mwisho, hesabu zifanywe na mume na mke kwa pamoja, fedha ya matengenezo iwekwe kando kila mwezi kabla ya matumizi ya nyumbani. Kila masika yanapokaribia, mtu apande juu, akague paa na kuzibua mifereji. Kazi hiyo ya asubuhi moja ndiyo inayokilinda kiinua mgongo cha miaka mingi ya utumishi.