Mama wa Manyoni na nusu kuku ya Munich

Mama mmoja mkulima wa alizeti kutoka Manyoni, mkoani Singida, alikwenda Munich kumtembelea binti yake anayesomea uuguzi. Jioni ya pili binti akampeleka kwenye mgahawa wa Kijerumani wenye meza ndefu za mbao, ambako mgeni hukaa meza moja na watu asiowajua.

Mama aliketi akisubiri maji ya kunawa. Hayakuja. "Mama, huku watu hunawa chooni," binti akamnong'oneza.

Menyu ilijaa nguruwe: mguu, mbavu, soseji. Mama ni Msabato, nguruwe na bia hagusi. Ikabaki kuku, nusu nzima ya kuchoma, pamoja na kabichi iliyochachushwa na donge la viazi lililofinyangwa kama tonge kubwa la ugali. Maji nayo yaliagizwa kwa kutaja kwamba yasiwe na gesi, na yalilipiwa. Alipopigiwa hesabu kwa shilingi, mama aliiangalia ile chupa mara mbili.

Ujerumani haikuwa ngeni kabisa kwake. Reli inayopita Manyoni ni kazi ya Wajerumani, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Njiani alikuwa amesoma neno "Schule" kwenye kibao, akacheka: shule! Hela nayo ilitokana na Heller, sarafu yao ya enzi hizo.

Kuku alipofika, mama alionja, akatafuna kidogo, akatoa hukumu. "Laini mno. Huyu hajawahi kukimbizwa." Na nani angembishia mtu anayetoka mkoa ambao kuku wake wa kienyeji hutafutwa hadi Dar es Salaam?

Kisha akaona binti anaifuta sahani kwa kipande cha mkate, mpaka mchuzi wa mwisho.

"Huwa unakuja hapa na nani?"

"Sijawahi kuja, mama. Leo ndiyo mara ya kwanza."

"Na nyumbani unakula na nani?"

Binti akanyamaza kidogo. "Peke yangu. Nikitoka zamu, nakula mkate nimesimama, nalala."

Kwa simu, kila Jumapili, alikuwa akisema anakula vizuri.

Mama hakusema neno. Aliling'oa paja ambalo hakuwa amelimaliza, akaliweka kwenye sahani ya mwanawe, kama afanyavyo kwenye sinia la nyumbani. Mzee wa Kijerumani aliyekaa pembeni akatazama, akatabasamu, akaendelea na soseji yake.

Kesho yake asubuhi mama aliuliza duka linalouza unga wa mahindi liko wapi. Mlenda mkavu alikuwa nao, kwenye begi, chini ya vitenge.