Uwani kwa Bibi, Kariakoo

Vijana hunieleza kwamba Kariakoo ya leo ndiyo ya kimataifa: Mchina anauza maua ya plastiki, Mkongo wa Lubumbashi anabishana naye bei, wote kwa Kiswahili. Mimi nilikulia Mtaa wa Sikukuu, katika nyumba ya bibi yangu, Mzaramo. Vyumba sita vilitazamana koridoni. Walipanga humo Mnyamwezi, Mmanyema aliyeletwa na treni ya Kigoma, Mngazija fundi cherehani, na Mpemba mwenye kijiduka. Uwani bomba moja, choo kimoja. Foleni yake ya asubuhi ilikuwa na makabila kama Bunge.

Sisemi tulipendana sana. Maji yaligombaniwa, na ndizi za Mmanyema zilisengenywa. Lakini babu alipofariki, yule Mnyamwezi, mtani wetu, alijilaza mlangoni akazuia jeneza lisitoke mpaka apewe hela. Waliaji wakacheka na machozi yao. Mngazija ndiye aliyekata sanda. Wahindi tuliwaona ng'ambo ya Mnazi Mmoja tu, maana mkoloni alishaupanga mji kwa rangi: Uzunguni, Uhindini, na huku kwetu.

Mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa watu 843,090 mwaka 1978. Sensa ya 2022 ikakuta 5,383,728. Sehemu kubwa ya hao wamejaa pembezoni, na ukoo wetu umo. Biashara huria ilipokolea, kiwanja cha bibi kikawa na thamani kuliko nyumba iliyokuwa juu yake. Alipokufa, warithi walikubaliana na mwekezaji: yeye ajenge ghorofa, wao wapewe fremu. Mjomba akahamia Chanika, wengine Mbagala. Wapangaji walitawanyika, sijui hata Mngazija alikwenda wapi.

Basi wageni wa mbali wameongezeka kweli, ila saa kumi na mbili jioni kila mmoja anashusha geti lake. Mjomba hapajui anapolala mpangaji wa fremu yake, wala mpangaji hajui mjomba ana wajukuu wangapi. Wanajuana kwa kodi.

Julai 2025 serikali iliwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, rejareja ikiwamo. Mjomba alishangilia sana, akasema sasa Kariakoo inarudi kwa wenyewe. Nikamuuliza fremu yake kapanga nani. Akanyamaza kidogo, kisha akataka kujua kama amri hiyo inagusa na magodauni, maana Mchina wake alikuwa ameshalipa ya mwaka mzima.